Kuokota, kuchanja na kuuza kuni kama kazi ya pembeni: uzi wa vipimo, ukavu na usalama

Mpini Mrefu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Nyuzi za kuni huwa zinaishia kwenye swali moja, "inalipa?", halafu watu wanabishana mpaka uzi unakufa. Naomba huu uwe wa kazi yenyewe: kuni zinapatikana wapi bila kuangusha mti uliosimama, zinachanjwa vipi, zinakauka kwa muda gani, zinapimwaje mbele ya mteja. Wenye ujuzi mwageni.

Naanza na jambo ninaloliamini kuliko yote. Muuza kuni anauza ukavu. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji, na ipo miti inayozidi hapo. Kilo moja ya kuni yenye maji 20% inakupa joto la kama megajuli 14 hadi 15. Kilo hiyohiyo ikiwa na maji 50% inakupa kama 8 tu, kwa sababu nusu ya ulichobeba si mti, na joto la ile nusu iliyobaki linaanza kwanza kugeuza maji kuwa mvuke. Ndiyo maana kuni mbichi inafoka povu kwenye ncha, moshi hauishi, na bomba la moshi linajaa masizi yanayonata, yale ambayo siku moja yanashika moto yenyewe.

Vyanzo vya kuokota, kwa mpangilio wa ubora ninavyouona:

Wakata matawi na wanaosafisha njia za umeme ndio wa kwanza. Gogo limeshalala chini, liko karibu na barabara, na mara nyingi wao wanalipia kulitupa. Ongea nao kabla hawajawasha misumeno, waombe wakate kwa urefu unaogawanyika sawasawa. Kama unauza kuni za sm 33, omba magogo ya mita 1 au mita 2. Wakikata sm 80 kiholela, kila gogo linakuachia kipande cha sm 14 kisichopangika.

Viwanda vya kupasua mbao vina mabanzi. Ni mepesi kukauka kwa sababu ni membamba, ila yana magome mengi, na gome lina majivu mengi na mchanga. Karakana za useremala zina vipande vikavu tayari, vizuri kwa kuwashia. Mashamba ya matunda wakati wa kupogolea. Na miti iliyoangushwa na upepo, ambayo nitaiacha waieleze wenye misumeno kwa sababu inaua.

Mti ulioanguka una mwenyewe. Chukua ruhusa ya maandishi hata kama ni mistari mitatu: tarehe, mahali, mti gani, kiasi gani, jina na sahihi. Ikae kwenye gari. Msitu wa hifadhi una kibali chake, na ruhusa ya mtu wa jirani haikufai kitu huko.

Kichaka Kikavu

Uzi mzuri mkuu. Swali: gogo lililolala porini muda mrefu nitajuaje kama bado ni kuni au limeshaoza? Kwa nje yote yanafanana.

Mpini Mrefu

Ligonge kwa kisigino cha shoka. Zima linalia, bovu linajibu kwa sauti iliyokufa. Kisha kata kipande kimoja na ukibonyeze ukucha upande wa ndani: ukucha ukizama, achana nalo. Fangasi wanaoozesha mti wanakula ileile sehemu ambayo ingeungua, kwa hiyo gogo bovu hata likikauka ni jepesi, linawaka kwa haraka na kuisha. Tena linanyonya maji kama sifongo kila mvua ikinyesha.

Angalia pia upande uliogusa ardhi. Mara nyingi juu ni pazuri na chini pameliwa. Kata upande mzuri, mwingine uache palepale, unarutubisha udongo na kuna viumbe vinaishi humo.

Tupa Duara

Naongezea upande wa msumeno wa mnyororo, maana hapa ndipo watu wanapopoteza vidole na miguu.

Mafuta: uwiano wa 50:1 kwa misumeno mingi ya sasa, yaani ml 20 za oili ya mipigo miwili kwa lita 1 ya petroli, ml 100 kwa lita 5. Soma kitabu cha mashine yako, ipo ya zamani inayotaka 25:1. Ukisahau oili, pistoni inakwaruzika ndani ya dakika chache na hakuna cha kurekebisha. Mafuta yaliyochanganywa yasikae zaidi ya mwezi au miwili, yanachacha na kuziba kabureta. Oili ya mnyororo ina tangi lake. Ijaze kila unapojaza petroli. Elekeza ncha ya upanga (lile bapa la chuma linalozungukwa na mnyororo) kwenye kisiki cheupe na upige resi: lazima uone mstari mwembamba wa oili umerukia pale. Usipouona, tundu limezibwa na unga wa mbao.

Makali: msumeno mkali unatoa vipande vya mti, butu unatoa unga. Ukiona unga, simama unoe. Ukianza kuukandamiza ili ukate, umeshachelewa. Tupa ya duara lazima iendane na mnyororo: mm 4.0 kwa ile midogo ya 3/8 ya kiwango cha chini, mm 4.8 kwa .325 (hizo ni saizi za mnyororo kwa inchi). Pembe nyuzi 30 kwa wengi. Sukuma kwenda mbele tu, mara mbili au tatu kila jino, idadi sawa kila upande. Upande mmoja ukinolewa kuliko mwingine, msumeno unakata kwa kupinda na utalaumu upanga bure. Kila baada ya kunoa mara kadhaa, punguza kile kinundu kilicho mbele ya jino. Kiwe chini ya makali kwa kama mm 0.6. Kisipopunguzwa, jino ni kali lakini haliumi.

Sasa gogo lililolala. Kabla ya kukata jiulize limeegemea wapi. Likiwa limeshikiliwa ncha zote mbili na katikati liko hewani, upande wa juu umebanwa na wa chini umevutwa. Anza juu, theluthi moja tu ya unene, kisha malizia kutoka chini kwenda juu. Likiwa limeshikiliwa upande mmoja na ncha inaning'inia, ni kinyume: anza chini theluthi, malizia juu. Ukianza upande uliobanwa ukazidisha, upanga unanaswa. Ukianza upande uliovutwa, gogo linapasuka ghafla na kurukia ulipo. Hiyo ndiyo siri nzima, na ni wachache wanaojisumbua kuangalia.

Usikate kwa robo ya juu ya ncha ya upanga. Hapo ndipo msumeno unaporushwa usoni, na inatokea kabla ubongo haujajua. Kofia ngumu yenye wavu, vizuia sauti, suruali ya kinga, buti. Usiinue msumeno juu ya mabega.

Mti uliong'olewa na upepo pamoja na mizizi: sahani ya mizizi inaweza kurudi kusimama ukishakata shina, na kumfunika mtu aliye kwenye shimo. Mtu yeyote asikae upande wa shimo. Mti uliolalia nyaya za umeme usiuguse kabisa, hata kama unasikia kuwa umeme umekatika.

Kichaka Kikavu

Asante sana mkuu Tupa Duara. Na misumari? Miti ya kando ya uzio imejaa chuma.

Tupa Duara

Ukiona doa la bluu-nyeusi kwenye mti uliokatwa, kuna chuma karibu. Kutu ikikutana na tanini ya mti inatoa rangi hiyo. Sehemu hatari ni mita 2 za chini za shina, mtu anapofikia kwa nyundo. Kuna vipima chuma vidogo vya mkononi, pitisha kwanza. Usipokuwa nacho, hizo mita 2 za mti wa uani zipasue kwa kabari badala ya kuzikata vipande vingi. Msumari mmoja unamaliza mnyororo mzima.

Bi Kabari

Habari za humu. Niongee kuhusu kuchanja, kwa sababu watu wanachoka bure.

Gogo la kuchanjia liwe pana, kimo cha sm 30 hadi 40, juu ya udongo na si juu ya saruji. Likiwa refu zaidi ya hapo, shoka linagonga kabla halijapata kasi. Likiwa fupi, ukikosea shoka linakuja kwenye mguu. Weka tairi kuukuu juu yake, tia kipande ndani, vipande vikipasuka vinabaki humohumo badala ya kuruka na wewe kuinama mara mia.

Soma nyufa kwanza. Kipande kilichokatwa siku kadhaa kina nyufa zinazotoka kwenye kiini kama miale. Piga ukifuata ufa, usipige kuukatiza. Kipande kinene zaidi ya sm 35 usikipige katikati. Banja pembeni, zunguka, punguza kwanza magamba ya nje, katikati patabaki padogo. Fundo liweke upande wa chini, mbali na shoka. Panda ya matawi mawili achana na shoka, tumia kabari mbili na nyundo kubwa ya kilo 3 au 4. Kabari ikishaota uyoga kichwani kwa kupigwa, kata hiyo mikunjo kwa tupa, kwani inaruka vipande vya chuma vikali.

Unene wa kuni ya kuuza: sm 8 hadi 12 upande mpana. Juu ya sm 15 haikauki ndani kwa msimu mmoja, hata nje ikipendeza namna gani.

Na mkaratusi jamani: uchanje mbichi. Ukikauka nyuzi zake zinashikana, shoka linadunda. Samaki mkunje angali mbichi ndiyo kanuni yake. Mvinje uko hivyohivyo.

Kuni Safi

Kwenye kukausha sikubaliani na wanaofunika rundo lote kwa turubai. Maji yanayotoka kwenye kuni yanahitaji pa kwenda. Ukifunika mpaka chini, mvuke unagonga turubai usiku, unarudi kama matone, na baada ya wiki tatu ukungu mweupe umejaa. Ukungu huo si wa kuvuta kifuani. Funika juu tu, turubai ishuke sm 20 hadi 30 pembeni, ubavu ubaki wazi kwa upepo.

Rundo liinuke sm 10 hadi 15 kutoka ardhini, juu ya paleti au nguzo mbili. Mstari mmoja, si mitatu iliyobanana. Ukilazimika kuweka miwili acha nafasi ya mkono kati yake. Upana wa rundo uutazame upepo. Ncha zilizokatwa ndizo milango ya maji, kwa hiyo ncha ziwe upande wa upepo na jua. Tabaka la juu kabisa gome liangalie juu, linamwaga mvua. Usilaze rundo kwenye ukuta wa nyumba: mchwa wanapata daraja, na nyoka wanapata pa kulala.

Muda? Kuni zilizochanjwa za mti mwepesi kama msonobari, miezi 6 hivi kwenye hali nzuri. Miti mizito, mwaka, na mingine zaidi. Gogo lisilochanjwa lenye gome linaweza kukaa miaka miwili na ndani likabaki na maji, kwa sababu gome ndilo kazi yake kuzuia maji yasitoke.

Mtaa wa Tatu

Mimi natumia kipima unyevu chenye pini mbili, kinasoma 16%. Mteja anasema zinafuka. Nani mkweli?

Kuni Safi

Inategemea ulipochoma pini, mkuu. Nje ya kuni kunakauka kwanza. Chukua kipande, kichanje katikati hapohapo, choma pini kwenye uso mpya, katikati ya urefu, pini zifuate nyuzi. Pima vipande vitano kutoka ndani ya rundo. Si vya juu.

Jambo la pili linalochanganya wengi: vipima vingi vya mkononi vinagawanya maji kwa uzito wa mti mkavu, wakati ile 20% ya kuni kavu iliyotajwa mwanzoni ni maji kwa uzito wote. Kipimo kikisema 25, kwa hesabu ya kuni ni 20 (maji 25 kati ya jumla 125). Kwa hiyo 25 kwenye kioo bado ni sawa, 30 ni kama 23, hapo subiri.

Mtaa wa Tatu

Nimepata kosa: nilikuwa nachoma kwenye gome. Asante.

Sasa kuuza. Kwa kilo au kwa ujazo? Wanunuzi wa mizigo mikubwa wanataka mizani.

Mpini Mrefu

Kwa ujazo uliopangwa, mkuu, na hili nalisema kwa nguvu zote. Piga hesabu: kuni kilo 100 zenye maji 50% zina kilo 50 za mti. Zikikauka hadi 20%, mizani inasoma kilo 62.5. Ukiuza kwa kilo, aliyengoja mwaka mzima anaadhibiwa kilo 37.5, na aliyeuza mbichi jana anazawadiwa. Mizani ifae tu pale mnapopima na unyevu pamoja.

Kwa ujazo, tofautisha mawili. Mita moja ya ujazo iliyopangwa na mita moja ya kumwaga si sawa. Kuni za sm 33 zilizomwagwa kwenye sanduku la mita 1 kila upande, ukizipanga zinajaza kama 0.6 hadi 0.7 tu. Mwambie mteja mapema ipi unauza. Malalamiko mengi ya "nimepunjwa" si wizi, ni huyu kusema mita ya kumwaga na yule kusikia ya kupanga. Marekani wana kipimo chao, futi 4 kwa 4 kwa 8, ambacho ni karibu mita 3.6 za ujazo zilizopangwa. Ukisoma maandishi yao usichanganye.

Uzuri wa sm 33: rundo la kimo mita 1 na urefu mita 3 ni karibu mita 1 ya ujazo kamili, mteja anapima kwa macho yake.

Bi Kabari

Na matita? Huko ndiko wengi wetu tunaanzia.

Mpini Mrefu

Dada Bi Kabari, tengeneza pete ya nondo nyembamba yenye kipenyo cha ndani sm 30. Kata nondo sm 94 na uongeze kidogo pa kuunganishia. Isimamishe kwenye mbao, jaza mpaka hakuna kinachoingia, funga waya au kamba sehemu mbili, kisha vuta pete. Tita la sm 30 kwa kuni za sm 33 lina ujazo wa karibu mita za ujazo 0.023, kwa hiyo mita moja iliyopangwa inatoa kama matita 42. Toa vipande vilivyopinda, hesabu 38 hadi 40.

Funga baada ya kukauka. Kuni zinasinyaa, na tita lililofungwa bichi linalegea na kumwagika mikononi mwa mteja. Ukishafunga, chukua kipande chembamba kilichochongwa kama kabari ukipigilie katikati. Kinakaza tita zima kuliko nguvu ya mkono.

Paleti na Nondo

Tusisahau mbao za kutupwa, maana nyingi ni sumu.

Paleti za kusafirisha bidhaa kimataifa zina muhuri wa alama ya ngano na herufi. HT ni joto, salama. MB ni methili bromidi, gesi ya kuulia wadudu: usichome, usiuze. Isiyo na muhuri na yenye madoa ya mafuta au harufu, acha. Zilizopakwa rangi ya kampuni aghalabu ni mali ya kukodisha na zinarudi kwa mwenyewe.

Mbao zenye rangi ya kijani iliyofifia zinaweza kuwa zimelowekwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki. Aseniki haiungui, inabaki kwenye majivu, na nyingine inaondoka na moshi. Nguzo kuukuu za umeme na mataruma ya reli, mara nyingi ni dawa hiyohiyo au krioso (mafuta meusi ya lami ya kuhifadhia mbao). Mbao zilizopakwa rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi. Plaiwudi na mbao za kubandikwa zina gundi. Magogo yaliyoletwa na bahari yana chumvi, inayokula chuma cha jiko na kutoa gesi mbaya. Kwa miti hai: mnyaa au utupa usiubebe kabisa, utomvu wake unaumiza macho vibaya.

Na msisafirishe kuni mbali. Mabuu wanasafiri chini ya gome. Huko Marekani mbawakawa wa kijani aliyegunduliwa Michigan mwaka 2002 ameua mamilioni ya miti, na kuni za kubebwa kwa magari zilimsogeza. Sehemu nyingi zina sheria ya jambo hili. Uza karibu na ulipookota.

Mtaa wa Tatu

Mkuu Mpini, hesabu ya faida inakaaje? Petroli nimeiweka, mnyororo nimeuweka, bado haieleweki.

Mpini Mrefu

Hesabu mara unazoligusa gogo. Kupakia, kushusha, kukata, kuchanja, kupanga, kupangua, kufunga, kupakia tena, kushusha kwa mteja: mara tisa. Kila mguso ni dakika, na dakika ndizo zinazokula faida kuliko petroli. Kata na kuchanja palepale gogo lilipolala ukiruhusiwa, mguso mmoja unaondoka. Panga moja kwa moja pa kukaushia, usimwage kwanza. Andika saa za kila mita ya ujazo, kuanzia safari ya kwanza hadi kukabidhi. Ukiigawa pesa kwa saa hizo, ndipo utajua chanzo kipi uache. Kwa kawaida unachoacha ni matawi membamba ya mbali.

Gari nalo ulipime. Mita moja iliyopangwa ya mti mzito mbichi inakaribia kilo 600 hadi 700. Pikapu ya nusu tani haiibebi, hata kama nafasi inaonekana ipo. Breki zinachelewa, tairi za nyuma zinachemka. Peleka nusu mara mbili.

Kichaka Kikavu

La mwisho wakuu. Asiye na kipima unyevu afanyeje? Kugonganisha vipande kusikia mlio kunatosha?

Kuni Safi

Mlio unakuambia kuni imeanza kukauka, haukuambii imefika. Tumia mizani ya jikoni. Siku unapopanga rundo, chagua vipande vitatu vya unene wa kati, viandike namba na uzito kwa kalamu ya rangi kwenye ncha. Viweke katikati ya rundo, mahali unapoweza kuvichomoa. Pima kila baada ya wiki mbili, andika chini ya namba ya kwanza. Mwanzoni uzito unaanguka haraka, kisha taratibu. Vikipimwa mara mbili mfululizo bila kupungua zaidi ya gramu 10 kwa kilo, siku ambazo hakuna mvua, rundo limekubaliana na hewa ya hapo. Chanja kimoja, shika uso wa ndani kwenye shavu. Ukihisi ubaridi, vile viwili virudishe wiki nyingine mbili.